SOMO LA 12: RUBANI WA MELI NA KAZI YAKE

Sisi wa Nyamongo tuko mbali na bahari. Mto Mara tunaujua sote. Waliofika Musoma wameliona Ziwa Victoria. Lakini Bahari ya Hindi wameiona wachache.

Hata hivyo, kila siku tunatumia vitu vilivyopita baharini. Dizeli ya basi la Tarime na ya malori ya mgodini haichimbwi nchini kwetu. Inanunuliwa nchi za nje. Inaletwa kwa meli mpaka bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kutoka huko ndipo inaanza safari ya bara. Meli ikikwama mlangoni mwa bandari, mafuta yanachelewa. Mafuta yakichelewa, nauli inapanda, na mwenye gunia la mahindi la kupeleka mnadani anaumia.

Katika somo hili tutajifunza habari za mtu anayezuia meli zisikwame. Mtu huyo ni rubani wa meli. Tutaona anafanya kazi gani, na mtu asome nini ili aipate kazi hiyo.

1. RUBANI NI NANI?

Siku hizi tukisikia neno "rubani" tunafikiri ndege. Lakini neno hili ni la zamani kuliko ndege. Lilitoka katika Kiarabu. Watu wa pwani walimwita rubani yule aliyeongoza chombo baharini. Ndege zilipokuja, ziliazima neno la mabaharia.

Kazi hii ni ya siku nyingi katika pwani yetu. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama alifika Malindi, katika nchi ya Kenya ya leo. Alitaka kwenda India. Alikuwa na meli, mabaharia na silaha, lakini njia hakuijua. Mfalme wa Malindi akampa rubani aliyeijua. Katika muda wa siku zisizofika 30, meli zile zilivuka bahari zikafika Calicut, India. Mgeni mwenye nguvu alimhitaji mtu anayejua njia.

Rubani tunayemsoma leo haongozi meli mpaka India. Anaiongoza katika sehemu ndogo tu, yaani kutoka bahari kuu mpaka gatini, na kutoka gatini mpaka bahari kuu. Gati ni mahali meli inapofungwa ili kupakia na kupakua mizigo.

2. KWA NINI NAHODHA ANAHITAJI RUBANI?

Kila meli ina mkuu wake. Mkuu huyo anaitwa nahodha. Nahodha ni mtu aliyesoma sana. Amezunguka dunia. Basi, kwa nini ahitaji mtu mwingine wa kumwongoza?

Tufikiri juu ya mto Mara wakati wa masika. Mgeni anafika mtoni na ng'ombe wake. Ni mchungaji hodari, na ng'ombe wake wanamtii. Lakini hajui shimo liko wapi, wala jiwe liko wapi. Hajui maji yalipanda jana kiasi gani. Akiwa na busara, atamwuliza mwenyeji wa hapo kabla ya kuingiza ng'ombe majini. Mchungaji anawajua ng'ombe wake, na mwenyeji anaujua mto.

Ndivyo ilivyo bandarini. Nahodha anaijua meli yake, na rubani anaijua bandari yake.

Tuchukue mfano wa bandari ya Dar es Salaam. Mlango wake ni mwembamba na njia yake ina kona. Upande mmoja kuna Magogoni, na upande wa pili kuna Kigamboni. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walizamisha chelezo katika mlango huo. Chelezo hicho kilikuwa gati kubwa linaloelea, la kutengenezea meli. Walitaka meli za Waingereza zisiingie. Walijua kwamba mlango ule ni mwembamba na unaweza kuzibwa.

Katika miaka ya karibuni njia hiyo imechimbwa ili kina cha maji kiongezeke. Meli kubwa zaidi zinaingia. Mwezi wa Januari mwaka 2024 iliingia meli ya watalii iitwayo Norwegian Dawn. Urefu wake ni mita 294. Huo ni karibu urefu wa viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa mstari.

Sasa tazama hatari. Hapo hapo mlangoni hupita pantoni, yaani kivuko cha kuwavusha watu na magari kati ya Magogoni na Kigamboni. Wako pia wavuvi na ngalawa zao, maana soko la samaki liko karibu. Mombasa nako ni vivyo hivyo. Vivuko vya Likoni vinakatiza njia ya meli ziendazo bandari ya Kilindini. Kwa hiyo rubani anabeba dhamana ya meli, na pia ya mama mwenye kapu la samaki aliyesimama juu ya pantoni.

Meli haina breki kama gari. Ng'ombe wa plau ukiwaambia wasimame, husimama baada ya hatua chache. Meli kubwa iliyojaa mzigo na inayokwenda kasi yaweza kwenda kilomita 2 au zaidi kabla ya kusimama. Mwenye kuongoza meli anatakiwa kuiona hatari mapema, na kusema mapema.

Ndiyo sababu katika bandari kubwa kama Dar es Salaam na Mombasa sheria inataka meli kubwa zichukue rubani.

3. KAZI YA RUBANI HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: Kusoma kabla ya kwenda.
Rubani hakurupuki. Kwanza anasoma habari za meli inayokuja. Ina urefu gani? Ina upana gani? Imebeba nini? Inazama mita ngapi majini? Kisha anasoma jedwali la maji.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo halionekani Musoma. Maji ya bahari hupanda na kushuka kila siku. Yakipanda tunasema maji yamejaa. Yakishuka tunasema maji yamepwa. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa 6. Wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu maji hupanda na kushuka zaidi. Wakati huo watu wa pwani huuita bamvua. Dar es Salaam wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 3 na zaidi. Njia iliyo salama saa 4 asubuhi yaweza kuwa ya hatari saa 10 jioni.

Hatua ya pili: Kupanda melini.
Rubani anaifuata meli nje ya bandari kwa boti ndogo. Boti inakwenda sambamba na meli. Meli inateremsha ngazi ya kamba ubavuni. Rubani anaishika na kupanda, huku boti ikiruka juu ya mawimbi. Kama kutoka majini mpaka juu ni zaidi ya mita 9, sheria za kimataifa zinataka ngazi ya kamba iunganishwe na ngazi nyingine ya mlalo. Hatua hii ni ya hatari. Wako marubani waliokufa kwa sababu ya kamba mbovu au ngazi iliyofungwa vibaya. Rubani ana haki ya kukataa kupanda ngazi mbovu.

Akishapanda, meli hupandisha bendera yenye nusu nyeupe na nusu nyekundu. Maana yake ni kwamba rubani yumo melini. Usiku boti ya marubani huwasha taa mbili, nyeupe juu na nyekundu chini.

Hatua ya tatu: Kupatana na nahodha.
Rubani na nahodha wanazungumza kabla ya kuingia. Nahodha anaeleza habari za meli: injini ikoje, usukani ukoje, kuna kitu gani kibovu. Rubani anaeleza mpango: watapita wapi, kwa mwendo gani, watafunga gati lipi. Kila mmoja anamwambia mwenzake kweli. Nahodha akificha ubovu wa injini, wote wanaweza kuangamia.

Hatua ya nne: Kuongoza.
Rubani anasimama katika chumba cha usukani. Anatazama mbele, anatazama rada, anasikiliza simu ya upepo. Anasema, "Usukani kulia kidogo." Mshika usukani anarudia maneno hayo kwa sauti, kisha anayatekeleza. Kurudia huku kunahakikisha kwamba amri imesikika sawa.

Njia imewekewa maboya. Boya ni chombo kinachoelea, kimefungwa kwa mnyororo chini ya bahari. Katika pwani yetu, meli inayoingia bandarini inaacha maboya mekundu kushoto kwake na maboya ya kijani kulia kwake. Meli inayotoka inafanya kinyume.

Hatua ya tano: Kufunga gati.
Karibu na gati meli inasaidiwa na matagi. Tagi ni boti fupi yenye injini ya nguvu. Kazi yake ni kuvuta na kusukuma meli. Rubani anaziamuru tagi kwa simu ya upepo: moja ivute, nyingine isukume, zote zisimame. Meli inaligusa gati taratibu. Watu wa chini wanapokea kamba na kuzifunga. Hapo ndipo rubani anateremka.

4. NANI MKUBWA, NAHODHA AU RUBANI?

Wengine hudhani kwamba rubani akipanda, nahodha anakwenda kulala. Sivyo. Kwa desturi ya bandari nyingi, nahodha anabaki mkuu wa meli yake. Rubani anaongoza kwa ujuzi wake, na nahodha anaangalia. Nahodha akiona rubani anakosea, anaweza kumzuia. Rubani naye akiona hali si salama, anaweza kusema, "Leo hatuingii. Tusubiri upepo utulie."

Maneno hayo si rahisi kusema. Meli inayosubiri inakula fedha nyingi kila siku. Wenye mali wanapiga simu. Nahodha amechoka na anataka kufika. Rubani mwoga atakubali ili asigombane na watu. Rubani wa kweli atakataa, na kesho yake meli itaingia salama.

5. DAKIKA CHACHE BALTIMORE

Tusome kisa kimoja cha kweli kutoka Marekani. Usiku wa tarehe 26 Machi 2024 meli iitwayo Dali ilikuwa ikitoka bandari ya Baltimore. Urefu wake ulikuwa karibu mita 300. Ilibeba makontena kwa maelfu. Ndani walikuwamo marubani wawili. Mbele yao kulikuwa na daraja kubwa la barabara.

Ghafla umeme wa meli ulizimika. Taa zikazimika, na injini ikasimama. Usukani ukawa hautoshi kuigeuza meli. Meli iliendelea kwenda kuelekea nguzo ya daraja.

Marubani walifanya nini? Waliamuru nanga itupwe. Waliamuru usukani ugeuzwe mpaka mwisho. Waliita matagi. Zaidi ya hayo, walipeleka habari kwa simu ya upepo kwamba daraja lifungwe mara moja. Polisi waliokuwa karibu wakasimamisha magari pande zote mbili. Kisha meli ikaigonga nguzo, na sehemu kubwa ya daraja ikaanguka majini.

Wafanyakazi 6 waliokuwa wakitengeneza barabara juu ya daraja walikufa. Tunawasikitikia. Lakini magari yaliyosimamishwa hayakuingia darajani. Watu waliokuwamo ndani yake walirudi nyumbani kwao.

Marubani hawakuweza kuisimamisha meli. Umeme ulikuwa umekatika, na muda ulikuwa mfupi mno. Lakini walisema mapema, tena kwa maneno machache yanayoeleweka, na kwa mtu anayehusika. Hiyo nayo ni kazi ya rubani.

6. SIFA ZA RUBANI

Si kila mtu anafaa kazi hii. Rubani anatakiwa awe na sifa hizi:

(a) Macho mazuri. Lazima atambue taa nyekundu na taa ya kijani gizani. Mtu asiyeweza kutofautisha rangi hizo hafai.

(b) Masikio mazuri. Anasikiliza honi, simu ya upepo na sauti za watu.

(c) Mwili wenye nguvu. Anapanda ngazi ya kamba mchana na usiku, kwenye jua na kwenye mvua.

(d) Akili tulivu. Watu wakianza kupiga kelele, yeye asipige.

(e) Kiasi. Mlevi hafai kuongoza meli. Hata usingizi mwingi ni hatari.

(f) Lugha. Mabaharia wa meli moja wanaweza kuwa Wafilipino, Wahindi na Wagiriki. Katika kazi za meli za kimataifa hutumia Kiingereza cha maneno mafupi yaliyokubaliwa.

(g) Kuijua bandari. Anajua kina, mikondo, miamba, maboya na taa zote. Anajua upepo wa kusi na wa kaskazi unasukuma meli upande gani.

7. NJIA YA MASOMO

Mtu hawi rubani kwa mwaka mmoja. Njia ni ndefu, lakini imenyooka.

Kwanza, anasoma shule na kufaulu hesabu, fizikia, jiografia na Kiingereza.

Pili, anaingia chuo cha mabaharia. Hapa Tanzania kiko Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kinachojulikana kwa herufi DMI. Kilianza mwaka 1978 kama kituo cha mafunzo ya ubaharia.

Tatu, anafanya kazi melini. Uko mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 juu ya mafunzo ya mabaharia. Umerekebishwa mwaka 1995 na mwaka 2010. Kwa mkataba huo, mtu hapewi cheti cha ofisa wa zamu kabla ya kutimiza miaka 18 na kukaa baharini muda uliowekwa. Aliye katika mafunzo maalumu anahitaji angalau miezi 12 baharini. Akitaka cheti cha unahodha wa meli kubwa, anarudi baharini kwa miaka mingine na kufanya mitihani mingine. Kwa Tanzania Bara vyeti hivyo viko chini ya shirika la TASAC, lililoanza kazi mwaka 2018.

Nne, anajifunza bandari yenyewe. Anafuatana na rubani mzee katika safari nyingi, za mchana na za usiku, za maji kujaa na za maji kupwa. Anaanza na meli ndogo. Anapimwa. Akifaulu, anapewa meli kubwa zaidi kidogo kidogo.

Tano, anaendelea kupimwa. Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilishauri kwamba kila rubani akaguliwe ujuzi na afya yake mara kwa mara, na kwamba ukaguzi wa ujuzi usipite miaka 5. Bandari hubadilika. Mchanga husogea, magati hujengwa, na meli huwa kubwa zaidi. Aliyejifunza mara moja akaacha, amekwisha kuwa mgeni.

Je, kazi hii ni ya wanaume tu? Hapana. Jirani zetu wa Kenya wanaye Bi. Elizabeth Marami, aliyejulikana kama mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa rubani wa meli. Alisomea Alexandria, Misri, akafanya kazi bandari ya Mombasa. Ngazi ya kamba haiulizi anayepanda ni wa kike au wa kiume. Wazazi wa Nyamongo tulifikirie jambo hili tunapoamua nani aendelee na shule na nani aozwe.

8. TUMEJIFUNZA NINI?

Rubani ana elimu mbili. Elimu ya kwanza ni ya mahali. Anaijua bandari yake kama mkulima anavyolijua shamba lake. Elimu ya pili ni ya kitabu. Anasoma jedwali la maji, ramani na barua za meli. Anaandika taarifa ya kila safari.

Elimu moja peke yake haitoshi. Mvuvi wa Kigamboni anaijua bahari tangu utoto, lakini kama hasomi jedwali hatapewa meli ya mafuta. Msomi aliyetoka chuoni jana anajua hesabu zote, lakini hajui mkondo unavyovuta kwenye kona.

Ndugu wanakisomo, elimu ya mahali mnayo tayari. Mnajua mto Mara unajaa lini, ardhi ipi inashika maji, ng'ombe yupi ni mgonjwa kabla hajalala chini. Sasa mnaongeza elimu ya pili. Anayejua mahali pake na kusoma maandishi hapotezwi njia na mgeni kwa urahisi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Bamvua: wakati maji ya bahari yanapopanda na kushuka sana.
Boya: chombo kinachoelea kuonyesha njia.
Gati: mahali meli inapofungwa bandarini.
Kina: urefu wa kwenda chini majini.
Nahodha: mkuu wa meli.
Nanga: chuma kizito cha kuzuia chombo kisiende.
Tagi: boti ya kuvuta na kusukuma meli.

MASWALI

1. Neno "rubani" lilitumika kwanza kwa ndege au kwa vyombo vya baharini?
2. Taja vitu viwili vinavyofanya mlango wa bandari ya Dar es Salaam uwe wa hatari.
3. Kwa nini mshika usukani anarudia amri kwa sauti?
4. Meli inaingia bandarini. Maboya mekundu yawe upande gani?
5. Marubani wa Baltimore hawakuisimamisha meli. Je, walisaidia nini?

HESABU

Meli ya mfano inazama mita 12 majini. Maji yakipwa, kina cha njia ni mita 11 na nusu. Rubani anataka chini ya meli ibaki nafasi ya mita 1 na nusu.

(a) Je, meli inaweza kupita wakati maji yamepwa?
(b) Maji yapande mita ngapi ndipo rubani akubali kupita?
(c) Leo maji yatapanda mita 3. Chini ya meli itabaki nafasi ya mita ngapi?

MAJADILIANO

Katika kikundi chenu jadilini: Ni wakati gani hapa kijijini mtu anapaswa kusema, "Tusubiri kwanza," ingawa wengine wana haraka? Mwanakisomo mmoja aandike mawazo ya kikundi kwa sentensi 5 na kuyasoma mbele ya darasa.